Siku za Kimya

Hapa Mukendo, mjini Musoma, mtu akipatwa na homa watu wa nyumbani humhoji kwanza kabla ya kumpeleka kupimwa. Jana ulikula nini? Ulinyeshewa wapi? Ulilala dirisha likiwa wazi? Nani alikutazama vibaya kule sokoni? Maswali haya huulizwa kwa upendo, nami nimeulizwa mara nyingi. Lakini yote yana kasoro moja, nayo ni kwamba yanaishitaki jana. Katika kesi ya malaria, jana huwa haina hatia.

Nilifundisha shule za msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa mwalimu mkuu. Kila mwaka nilisahihisha jibu lile lile: malaria huenezwa na mbu jike aina ya anofelesi. Jibu hilo ni sahihi na lilistahili alama zake. Lakini kadiri nilivyoishi na watu nje ya darasa ndivyo nilivyoona kwamba kumjua mbu hakutoshi. Tunahitaji kuujua pia muda. Kati ya kuumwa na mbu na kuanza kwa homa zipo siku nyingi ambazo mgonjwa hana dalili hata moja. Hucheza, hula, huenda shule, hucheka. Nimezipa jina la siku za kimya. Ugonjwa umo ndani yake tayari, na kazi kubwa kuliko zote unaifanya wakati huo.

Tuanze na mbu mwenyewe. Anayeishi karibu na ziwa letu anawajua wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kwa makundi kama moshi mweusi, wakajaa kwenye taa na kuta. Mgeni huogopa akidhani ni mbu, kumbe hawaumi. Wa kuogopwa haji kwa kundi wala kwa kelele nyingi. Huja usiku, peke yake, na mara nyingi aliyelala hajui kama ameumwa. Tena si kila anofelesi ana malaria. Ni lazima awe amekwisha kunyonya damu ya mtu mwenye vijidudu, kisha apitishe siku kama 10 hadi 14 huku vijidudu hivyo vikikua tumboni mwake na hatimaye kuhamia kwenye tezi za mate. Kwa hiyo anayetuua ni mbu aliyekula chumvi kidogo, mzee kwa hesabu ya mbu.

Mbu huyo anapotuuma hutema mate kwanza ili damu isigande. Katika mate hayo vimo vijidudu vyembamba kama nyuzi, ambavyo wataalamu huviita sporozoiti. Si vingi. Mara nyingi ni makumi tu, pengine havifiki mia. Huachwa ndani ya ngozi, na hapo hutambaa vikitafuta mshipa mdogo wa damu. Vingine hupotea njia vikafia ngozini. Vinavyobahatika kuingia katika damu husafirishwa na mkondo wake, navyo havikai humo. Katika muda ambao mwalimu huutumia kufundisha kipindi kimoja, vijidudu vya kwanza vimekwisha kufika kwenye ini.

Kwa nini ini? Kwa sababu humo vinapata maficho na chakula. Kijidudu hupenya ukuta wa mishipa ya ini, hupita katika chembe moja, ya pili, ya tatu, kama mpangaji anayekagua vyumba, kisha huchagua chembe moja na kutulia humo. Huko hubadilika umbo, huwa duara, na kuanza kugawanyika. Kwa aina ya malaria iliyo kali na iliyoenea zaidi nchini kwetu, falsiparamu, kazi hiyo huchukua siku 6 au 7. Mwishoni, kijidudu kimoja kilichoingia kimekuwa maelfu kwa maelfu, hata 30,000 au zaidi. Ini ni kubwa, na chembe zilizovamiwa ni chache mno, kwa hiyo mwenyewe hasikii chochote. Hana homa, hana maumivu, hana uchovu. Ukimpima damu siku ya tatu, darubini haitaonyesha kitu. Mpimaji hajakosea. Katika damu hakuna kitu cha kuonwa.

Kisha chembe ya ini hupasuka, na vijidudu vipya huingia katika damu na kuzivamia chembe nyekundu. Hata hapo kimya hakijaisha. Nitafanya hesabu kama nilivyozoea ubaoni. Tuseme ni vijidudu 10 tu vilivyofanikiwa katika ini, na kila kimoja kimezaa 30,000. Jumla ni 300,000. Ni wengi, lakini mtu mzima ana lita 5 hivi za damu. Katika kila lita vitakuwamo 60,000. Lita moja ina matone kama 20,000, basi katika tone moja vimo vitatu tu, na mpimaji huangalia sehemu ndogo ya tone hilo. Ni kama kutafuta punje tatu za mtama katika gunia la mchanga. Lakini kila baada ya siku 2 vijidudu hivi huzipasua chembe nyekundu na kutoka vikiwa vimeongezeka. Tukikadiria kwamba kila kimoja huacha warithi 10 walio hai, baada ya siku 2 vitakuwa milioni 3, baada ya siku 4 milioni 30, baada ya siku 6 milioni 300. Sasa chembe zinapasuka kwa mamilioni kwa pamoja, na takataka zake zinamwagika katika damu. Hapo ndipo mtu husema, "Leo najisikia vibaya." Jumlisha siku 7 za ini na hizi 6 za damu, unapata 13. Si hesabu ya kila mwili, maana wengine hupata homa siku ya tisa au ya kumi, na mtu mzima aliyezoeana na malaria anaweza kuchelewa zaidi. Lakini kwa jumla homa ya leo imetokana na mbu wa wiki moja na nusu au mbili zilizopita.

Msomaji asidhani kwamba wasiojua jambo hili ni wale ambao hawakusoma. Wasomi wenyewe walihangaika nalo kwa nusu karne. Mwaka 1880, daktari wa jeshi la Ufaransa, Charles Laveran, aliona vijidudu vya malaria katika damu ya askari huko Algeria. Mwaka 1897, Ronald Ross, akiwa India, alivikuta katika tumbo la mbu. Mwaka uliofuata Waitaliano, akiwamo Giovanni Battista Grassi, walithibitisha kwamba anofelesi ndiye anayemwambukiza mwanadamu. Ilionekana hadithi imekwisha: kijidudu kinatoka kwa mbu, kinaingia katika damu. Mwaka 1903, Mjerumani Fritz Schaudinn, mtaalamu aliyeheshimika sana, aliandika kwamba amekiona kwa macho yake kijidudu kilichotoka kwa mbu kikiingia moja kwa moja katika chembe nyekundu. Hakuna aliyeweza kukiona tena kitendo hicho, lakini kwa kuwa aliyesema alikuwa mkubwa, maneno yake yalibaki vitabuni kwa miaka mingi.

Waliokuwa na mashaka walikuwa na swali jepesi: kama vinaingia moja kwa moja katika damu, mbona damu haionyeshi kitu kwa siku nyingi? Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Neil Hamilton Fairley alilijibu nusu ya swali hilo kule Cairns, Australia, kwa msaada wa askari waliojitolea kuumwa na mbu wenye malaria. Damu yao ilichukuliwa kwa nyakati mbalimbali na kuingizwa kwa watu wengine waliojitolea. Iliyochukuliwa katika nusu saa ya kwanza iliambukiza. Baada ya hapo haikuambukiza kabisa, mpaka zilipopita siku kama 6 kwa aina ya falsiparamu, ndipo ikaanza tena. Vijidudu vilikuwa vimeondoka katika damu vikaenda mahali, kisha vikarudi. Wapi?

Nusu ya pili ya jibu inatugusa sisi wa ziwa hili. Daktari Mwingereza Cyril Garnham alifanya kazi Kenya kwa zaidi ya miaka 20, tangu 1925. Mwaka 1947 alieleza jinsi kijidudu cha tumbili wa Kenya, ambacho ni jamaa wa hiki chetu cha malaria, kinavyokua katika ini. Aliporudi Uingereza alishirikiana na Henry Shortt, na mwaka 1948 walionyesha kwamba kijidudu cha malaria ya nyani hukua katika ini lake, kisha wakaonyesha hivyo hivyo katika ini la mtu aliyejitolea. Tangu Ross amfungue mbu wake mpaka siku hiyo ilikuwa imepita miaka 50 na ushei. Nimelieleza hili kwa urefu ili tuwe wapole kwa watu wa vijijini mwetu. Kimya cha malaria kiliwapoteza hata wenye darubini.

Sasa nieleze jinsi kimya hicho kinavyoweza kumponza mtu asiye na kosa.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu mkuu katika kijiji kimoja cha kando ya ziwa, nje ya mji wa Musoma. Mvulana mmoja wa darasa la nne alicheza mpira Jumatatu jioni, usiku akashikwa na homa, Jumanne akapata degedege, Jumatano alfajiri akafariki. Zahanati ilikuwa imepima damu yake na kukuta malaria. Lakini Jumatatu ile, akitoka mpirani, mtoto alikuwa amepita kwa bibi mmoja mjane, jirani yao, akapewa viazi vitamu akala. Kabla matanga hayajaanuliwa, neno lilikuwa limeenea. Siku chache baadaye mwenyekiti wa kijiji aliitisha baraza chini ya mti, na shauri lililoletwa ni kwamba bibi yule ahame.

Baba wa marehemu hakuwa mjinga. Alikuwa amehudhuria madarasa ya kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyokuwa ikitangazwa redioni, na alijua habari za mbu. Aliniambia mbele ya watu wote, "Mwalimu, mbu wamemuuma mwanangu tangu alipozaliwa. Kwa nini afe baada ya kula viazi vya huyu?"

Swali hilo linastahili heshima, na kumwambia mfiwa kwamba anaamini ushirikina si kulijibu. Nilimtuma mwanafunzi shuleni akaniletea daftari la mahudhurio la darasa la nne. Nikamwomba mwenyekiti mwenyewe asome. Wiki mbili kabla ya msiba, mvulana yule hakuhudhuria siku tatu, Jumatatu hadi Jumatano. Mjomba wake akasimama akasema kweli, alikuwa naye kambini kwa wavuvi wa dagaa, wakilala mchangani karibu na matete bila chandarua, kwa kuwa mwezi ulikuwa gizani na dagaa walikuwa wengi. Nikachora duara mavumbini, nikaliita ini, nikaeleza kama nilivyoeleza hapo juu. Tukahesabu siku kwa vidole kutoka usiku wa homa kurudi nyuma: moja, mbili, tatu, mpaka 13. Tukaangukia Jumanne ya kambini. Kisha nikauliza bibi alikuwa wapi Jumanne hiyo. Watu wenyewe wakajibu kwamba alikuwa Ukerewe kwenye msiba wa dada yake, na alirudi Jumamosi iliyofuata.

Mzee mmoja alisema mchawi hahitaji mtumbwi ili kuvuka ziwa. Watu wakacheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mwenyekiti akaamua kwamba bibi hatahama. Baba wa mtoto hakusema neno. Alilitazama lile duara mavumbini, kisha akamgeukia shemeji yake, yule mjomba, kwa macho ambayo yalinitia hofu. Nikasema mara moja, na nikarudia, kwamba mjomba hakumwambukiza mtoto, na kwamba yeye mwenyewe aliumwa na mbu wale wale. Kumtoa mtu mmoja mashakani na kumtia mwingine si ushindi. Bibi aliendelea kuishi pale. Lakini watoto hawakula tena kwake, na hilo hakuna daftari lingeweza kulirekebisha.

Tangu siku ile nimekuwa nikiamini kwamba kuijua habari ya ini ni jambo la haki pamoja na afya. Mtu asiyejua kwamba ugonjwa una siku za kimya atamtafuta mkosaji karibu na dalili, na karibu na dalili daima yupo mtu: aliyemkaribisha mgonjwa chakula, aliyegombana naye, aliyemsalimu njiani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Watu wengi huielewa methali hiyo kuwa ni onyo dhidi ya jirani. Kwa malaria ingetufaa kuielewa neno kwa neno: kinachokula kimo ndani yako, na kilikwisha kuingia kabla ya jirani kukukaribisha.

Zipo faida nyingine za kuhesabu siku. Robert Koch, mtafiti Mjerumani aliyekuwa nchini kwetu mwaka 1897 na 1898, aliandika kwamba watu wa milima ya Usambara waliuita ugonjwa huo na mdudu anayeuleta kwa jina moja, mbu, kwa kuwa waliupata waliposhuka tambarare na wakaugua baadaye. Watu hao walikuwa wamefahamu jambo ambalo wasafiri wa leo hulisahau. Binti yangu anaishi Arusha. Miaka michache iliyopita alikuja na mwanawe kwa Krismasi, wakarudi salama. Siku ya kumi na moja tangu waondoke mtoto akapata homa. Mahali pa kwanza alipopelekwa aliambiwa ni mafua, maana mjini Arusha malaria si kitu cha kwanza kinachofikiriwa. Binti yangu alikataa kuondoka. Alinipigia simu jioni, "Shikamoo baba. Nilihesabu siku, nikawaambia tulikuwa Musoma, wampime." Walimpima, ikawa malaria, akapewa dawa mapema, akapona. Mtoto huyo angekuwa na mama asiyejua kuhesabu siku, sijui ningeandika nini hapa.

Ni vizuri pia kujua kwamba dawa mseto tunayoitumia tangu mwisho wa 2006, ile ya siku tatu, huua vijidudu vilivyo katika damu. Vilivyo katika ini haivifikii. Kwa hiyo mtu anayeweza kuumwa na mbu kila usiku anaweza kutibiwa sawasawa leo, huku kundi jingine liko ininimwe likisubiri zamu yake. Akiugua tena, asikimbilie kusema dawa ni bandia au amerogwa upya; akapime. Vile vile asiyepatikana na vijidudu leo na homa ikaendelea, arudi apimwe tena. Na iko aina nyingine, ovale, ambayo baadhi ya vijidudu vyake hulala katika ini kwa wiki au miezi kabla ya kuamka. Aina hiyo si nyingi kwetu, lakini jina lake lilitolewa mwaka 1922 na mtaalamu wa Uingereza, J. W. W. Stephens, kutokana na damu ya mgonjwa aliyekuwa ametoka Afrika Mashariki.

Kinachonifurahisha katika uzee wangu ni kwamba siku za kimya sasa zinashambuliwa zenyewe. Kule Bagamoyo, vijana Watanzania walijitolea kudungwa sporozoiti hai chini ya uangalizi wa madaktari, na matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Ilichukua takriban wiki mbili vijidudu kuonekana katika damu yao, wakatibiwa. Bagamoyo na Korogwe zilishiriki pia katika majaribio ya chanjo ya RTS,S, ambayo huufundisha mwili kukikamata kijidudu kabla hakijajificha katika ini. Mwaka 2019 chanjo hiyo ilianza kutolewa kwa watoto katika sehemu za Malawi, Ghana na Kenya, zikiwamo kaunti za ziwani kama Migori, inayopakana na mkoa wetu wa Mara. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021, na chanjo ya pili, R21, mwaka 2023. Chanjo hizi hazizuii kila ugonjwa wala haziondoi haja ya chandarua. Lakini zinalinda mlango ambao kwa miaka 50 wasomi hawakujua kama upo.

Chandarua nacho, ukifikiri vizuri, ni kazi ya siku za kimya. Anayekitundika leo hailindi afya ya kesho asubuhi. Anailinda ya wiki mbili zijazo. Ndiyo maana ni vigumu kumshawishi mtu. Akilala bila chandarua usiku mmoja, akaamka mzima, hudhani ameshinda. Walimu tunaufahamu ugumu huo, maana nasi hupanda mbegu ambayo huota baada ya wanafunzi kuondoka.

Basi ndugu msomaji, nyumbani kwako ikiingia homa, mpeleke mgonjwa akapimwe siku hiyo hiyo, hasa akiwa mtoto mdogo au mama mjamzito. Mkiwa njiani au kwenye foleni, hesabuni siku. Rudini nyuma kumi, kumi na mbili, kumi na nne, mjiulize mgonjwa alilala wapi usiku ule na chandarua kilikuwa wapi. Mkifika hapo mtamkuta mhusika, naye ana mabawa mawili na miguu sita.